Kituo cha Reli Ambacho Hakikufunguliwa

Somo la Historia kwa Redio, kwa Madarasa ya Watu Wazima

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kwamba kila mwanafunzi ameketi mahali anapoweza kuisikia redio vizuri. Wale waliopata karatasi ya somo hili, tafadhali wasome pamoja na wenzao wasioipata.

Kabla hatujaanza, mwalimu na aandike maneno matano ubaoni. La kwanza ni *handaki*. Katika somo hili, handaki ni njia iliyotobolewa ndani ya ardhi ili treni ipite. La pili ni *kituo*, yaani mahali treni inaposimama. La tatu ni *jukwaa*, mahali palipoinuliwa kando ya reli ambapo abiria husimama wakingoja treni. La nne ni *lifti*, kile kijumba kidogo kinachopandisha na kushusha watu kwa nguvu za umeme. La tano ni *ekari*. Neno hilo wakulima wote wanalijua.

Leo tutasoma habari za kituo kimoja cha reli ya chini ya ardhi katika mji wa London, nchini Uingereza. Kituo hicho kinaitwa North End. Kilipangwa, sheria ikapitishwa na Bunge, kiwanja kikanunuliwa, na ardhi ikachimbwa. Lakini hakikufunguliwa hata siku moja. Mpaka leo treni hupita katikati yake bila kusimama. Kwa nini watu wachimbe kituo, kisha wakiache? Hilo ndilo swali letu.

1. Mji uliojaa watu

Mwaka 1901 London pamoja na vitongoji vyake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 6. Hakuna mji mwingine duniani wakati ule uliokuwa na watu wengi kiasi hicho. Barabara zilijaa magari ya farasi. Mtu aliyekaa mbali na kazi yake alipoteza saa nyingi njiani, na maskini ambaye hakuwa na nauli ilimbidi akae karibu na kazi, katika vyumba vidogo, yeye na jamaa yake wote pamoja.

Wakubwa wa mji waliona kwamba juu ya ardhi nafasi imekwisha. Wakaanza kutazama chini. Reli ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London mwezi wa Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon. Kuitengeneza, walichimba mtaro mkubwa barabarani, wakaweka reli, kisha wakaufunika juu. Nyumba nyingi zilibomolewa. Tena treni zenyewe ziliendeshwa kwa mvuke, kwa hiyo abiria walivuta moshi njia nzima.

Njia bora zaidi ilipatikana baadaye. Mtu aliyeiendeleza sana ni mwana wa Afrika kwa kuzaliwa: James Henry Greathead, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1844 katika mji wa Grahamstown, Afrika ya Kusini. Yeye alitumia chombo kilichoitwa ngao. Fikirini pipa kubwa la chuma lisilo na mifuniko, limelazwa ubavu chini ya ardhi. Wachimbaji huingia ndani ya pipa hilo, huchimba udongo ulio mbele yao, na huutoa nyuma. Kisha pipa husukumwa mbele kwa jeki zenye nguvu. Mahali lilipotoka pipa, mafundi hufunga pete za chuma, moja baada ya nyingine, hata handaki likawa kama bomba refu. Udongo ukitaka kuanguka, pipa linawakinga watu.

London ilikuwa na bahati, kwa kuwa chini yake pana udongo wa mfinyanzi, mgumu kiasi cha kusimama na laini kiasi cha kuchimbika. Mwaka 1890 reli ya kwanza ya namna hii, iliyochimbwa chini sana na kuendeshwa kwa umeme, ilifunguliwa. Hapakuwa tena na moshi, wala haja ya kubomoa nyumba njia nzima.

2. Reli chini ya kilima

Sasa tazameni ramani ya London, kama mnayo darasani. Upande wa kaskazini-magharibi mtaona jina Hampstead. Hapo pana kilima, na juu ya kilima pana uwanda mkubwa wenye majani, miti na vidimbwi vya maji. Uwanda huo huitwa Hampstead Heath. Mwaka 1871 Bunge lilipitisha sheria ya kuulinda ili uwe mali ya watu wote. Siku za mapumziko, watu wa mitaa iliyosongamana walikwenda huko kupumua hewa safi.

Kampuni moja ilipata ruhusa ya Bunge mwaka 1893 kujenga reli ya chini ya ardhi kutoka katikati ya mji mpaka Hampstead. Ruhusa ilikuwapo, lakini fedha hazikupatikana. Miaka ikapita. Mwaka 1900 akatokea tajiri Mwamerika, Bwana Charles Yerkes, ambaye alikuwa amepata mali kwa biashara ya reli za mjini Chicago. Yeye na wenziwe wakainunua kampuni hiyo.

Bwana Yerkes hakutaka reli iishie Hampstead. Alitaka ipite chini ya kilima chote, itokee upande wa pili mahali panapoitwa Golders Green. Wakati huo Golders Green ilikuwa mashamba na njia panda tu. Msishangae. Mfanyabiashara huyu alijua jambo moja: reli ikifika shambani, nyumba huifuata, na nyumba zikijengwa, abiria wa kila siku wamepatikana.

Watu wa Hampstead walipopata habari hizo, wengi walikasirika. Wengine walisema kwamba mahandaki yatanyonya maji ya ardhini na miti ya uwandani itakauka. Wengine walisema mtikisiko wa treni utaidhuru mizizi. Baraza la mji wa Hampstead nalo lilipinga kwanza, kisha likakubali. Mwaka 1902 Bunge liliruhusu reli ifike Golders Green. Hofu ya miti haikuwa na msingi. Treni zimepita huko chini kwa zaidi ya miaka mia, na miti ipo.

Katika mpango huo mpya kikatiwa kituo kimoja zaidi, kati ya Hampstead na Golders Green. Kilikuwa kijengwe kwenye ukingo wa kaskazini wa uwanda, karibu na kijiji cha North End. Palikuwa na mashamba mahali hapo, na kampuni ilitazamia kwamba karibuni yatajaa nyumba. Wafanya kazi wa reli wakakipa kituo hicho jina la Bull and Bush, kwa sababu ya hoteli ya zamani ya jina hilo iliyokuwa karibu.

Tusimame hapa kidogo tufanye hesabu. Reli haiwezi kupanda kilima kikali. Lazima iende kwa mteremko mdogo. Kwa hiyo treni ilipita chini, na kilima kiliinuka juu yake. Jukwaa la North End lilikuwa liwe mita 67 chini ya ardhi. Mita 67 ni kama minazi mitatu mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Kama kituo kile kingalifunguliwa, kingalikuwa kirefu kupita vyote katika reli ya chini ya ardhi ya London. Leo sifa hiyo ni ya kituo cha jirani, Hampstead, chenye mita 58 na nusu.

Kazi ya kuchimba iliendelea, na mwezi wa Desemba 1905 mahandaki yote ya reli hiyo yalikuwa yamekwisha. Pale North End handaki lilipanuliwa ili majukwaa yapate nafasi, na njia za chini za abiria zikaanza kuchimbwa. Mwezi huo huo Bwana Yerkes alifariki huko New York. Hakuiona reli yake ikifunguliwa.

3. Bibi Barnett na yale mashamba

Sasa tumgeukie mtu mwingine. Bibi Henrietta Barnett alizaliwa mwaka 1851. Mwaka 1873 aliolewa na kasisi Samuel Barnett, na wote wawili wakaenda kukaa Whitechapel, mtaa wa maskini katika mashariki ya London. Hawakwenda kutazama tu na kurudi. Walikaa huko miaka mingi. Mwaka 1884 walianzisha nyumba ya Toynbee Hall, ambamo vijana waliosoma katika vyuo vikuu walikaa pamoja na watu wa mtaa, wakifundisha na wakijifunza. Kabla ya hapo, mwaka 1877, Bibi Barnett alikuwa ameanza kuwapeleka watoto wa Whitechapel kwenda shamba kwa siku chache. Wengi wao walikuwa hawajapata kutembea penye majani mengi.

Bibi na Bwana Barnett walikuwa pia na nyumba ya mapumziko karibu na uwanda wa Hampstead. Kutoka hapo aliweza kuyaona yale mashamba ya North End. Aliposikia habari za reli na kituo, alitambua mara moja mambo yatakayofuata. Wajenzi watanunua mashamba. Watapanga nyumba safu kwa safu, bila nafasi katikati, kama walivyofanya mahali pengine. Uwanda wa watu wote utazungukwa na matofali.

Bibi Barnett hakuwa na haki yoyote juu ya mashamba yale. Mwenye ardhi alikuwa Shule ya Eton, shule ya zamani ya wana wa wakubwa na matajiri. Hakuweza kuzuia mtu asiuze mali yake. Basi alifanya nini? Mwaka 1903 alikusanya watu, wakaunda kamati ya kuinunua sehemu ya ardhi hiyo, ili iunganishwe na uwanda na kuachwa wazi. Walitaka ekari 80, ambazo ni kama viwanja vya mpira 45 hivi.

Kazi haikuwa nyepesi. Aliandika barua nyingi, akabisha hodi kwa matajiri, akazungumza na wenye mamlaka. Fedha zilitoka kwa watu binafsi na kwa mabaraza ya serikali za mitaa. Mwisho ekari 80 zikapatikana, zikawa sehemu ya uwanda.

Hakukoma hapo. Mwaka 1906 yeye na wenzake walianzisha chama cha kununua ekari nyingine 243 zilizokuwa kando ya zile 80. Hapo alitaka kujenga mtaa wa namna mpya, matajiri na maskini wakae jirani, kila nyumba iwe na bustani. Bunge lilipitisha sheria ya mtaa huo mwaka huo huo wa 1906: nyumba zisizidi nane kwa ekari moja. Mtaa huo huitwa Hampstead Garden Suburb, nao upo mpaka leo.

4. Hesabu ya kampuni

Wasikilizaji, turudi sasa kwa kampuni ya reli. Kiwanja chake cha North End kipo. Handaki limekwisha kuchimbwa. Lakini viongozi wake wakitazama ramani, wanaona nini? Upande mmoja pana uwanda wa zamani ambao hauwezi kujengwa. Upande mwingine zimeongezeka ekari 80 ambazo nazo hazitajengwa. Mbele kidogo nyumba zitajengwa, lakini kwa kuachana, na nyingi zitakuwa karibu na Golders Green. Abiria wa North End watatoka wapi?

Kituo kinakula fedha kila siku, kiwe na abiria elfu au kiwe na abiria kumi. Lazima taa ziwake, mkata tiketi alipwe, na lifti ziendeshwe. Hapo North End, kuchimba shimo la lifti lenye kina cha minazi mitatu kungalikuwa gharama kubwa peke yake. Basi mwaka 1906, kabla shimo la kushukia abiria halijachimbwa, kampuni iliacha kazi. Juu ya ardhi hapakujengwa kitu.

Reli yenyewe ilifunguliwa tarehe 22 Juni 1907 na Bwana David Lloyd George, aliyekuwa waziri wa biashara, na siku hiyo watu walisafiri bure. Lakini furaha ya siku ya kwanza haikuendelea katika vitabu vya hesabu. Wenye reli walitazamia abiria milioni 50 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza walipata milioni 25 hivi, yaani nusu tu. Mtu akiona hesabu hiyo, anaelewa kwa nini hakuna aliyerudi kuifungua North End.

5. Nani alipata, nani alikosa?

Ni rahisi kusimulia habari hizi kama vita, Bibi Barnett upande huu na reli upande ule. Ukweli una pande nyingi zaidi. Ule mtaa mpya wa Bibi Barnett ungeishije bila reli? Watu wa kawaida wasingeweza kukaa huko na kufanya kazi mjini kama hakuna treni. Kituo cha Golders Green, kilichojengwa na kampuni ile ile aliyoiogopa, ndicho kilichouwezesha mtaa wake kupata wakazi.

Kampuni nayo haikupoteza yote. Golders Green ilifanya kama Bwana Yerkes alivyotazamia. Katika miaka michache ile njia panda ya mashamba ikawa mji, na mwaka 1924 reli ilikuwa imefika mbali zaidi, hata Edgware.

Na maskini je, wale ambao Bibi Barnett aliwafikiria? Hapa tuseme kweli. Katika mtaa wake, bei za nyumba zilipanda mwaka baada ya mwaka, na leo wanaokaa humo wengi ni watu wenye uwezo. Nia yake ya kuwachanganya matajiri na maskini haikutimia kama alivyotaka. Lakini zile ekari 80 ziko wazi. Mtu yeyote, awe wa Whitechapel au wa mbali zaidi, aweza kwenda leo, akakaa chini ya mti, wala asiulizwe tiketi. Watu wa North End, kwa upande wao, walikosa kituo. Mpaka leo hutembea hadi Hampstead au Golders Green kupata treni. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa.

6. Kazi nyingine ya kituo kilichoachwa

Yale matundu ya North End hayakubaki bure siku zote. Reli za London hupita chini ya mto Thames. Katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwapo hofu kwamba bomu likitoboa handaki chini ya mto, maji yataingia na kujaza njia zote, ambamo maelfu ya watu walijificha usiku. Hofu hiyo haikuwa bure. Mwezi wa Oktoba 1940 bomu lilianguka juu ya kituo cha Balham, likapasua mabomba ya maji, na watu zaidi ya 60 waliokuwa wamejificha humo walikufa.

Kwa sababu hiyo ilitengenezwa milango mikubwa ya chuma ya kuzuia maji ndani ya mahandaki. Katika miaka ya 1950 pakatafutwa mahali salama, chini sana, pa kuiongozea milango hiyo. Mahali palipofaa ni North End. Basi shimo likachimbwa kutoka juu, likawekwa ngazi. Kwa hiyo miaka 50 hivi baada ya kampuni kuacha kazi, njia ya kushukia ilipatikana, lakini kwa wafanya kazi tu. Baadaye mto Thames ulijengewa kizuizi kikubwa, kilichofunguliwa rasmi mwaka 1984, na milango ile haikuhitajiwa tena.

Leo anayepita juu ya ardhi ataona kijumba kidogo tu. Lakini abiria wa treni inayotoka Hampstead kwenda Golders Green, akitazama dirishani kwa makini, ataona handaki likipanuka ghafula kwa kitambo kidogo, kisha likirudi kuwa jembamba. Hapo ndipo North End.

Mwisho wa somo

Sasa tulijibu swali letu la mwanzo. Kituo cha North End hakikushindwa kwa sababu wahandisi hawakujua kazi. Sehemu ngumu, ile ya chini, walikuwa wameimaliza. Kilishindwa kwa sababu mambo ya juu ya ardhi yalibadilika. Kituo huishi kwa watu wanaokaa karibu nacho, na wanaokaa wapi huamuliwa na jinsi ardhi inavyotumiwa. Bibi Barnett hakugusa reli wala handaki. Alinunua mashamba kabla mjenzi hajayanunua.

Kumbukeni pia kwamba aliwahi. Kama angalingoja mpaka nyumba zisimame, barua zake zote zisingaling'oa hata tofali moja. Mipango ya miji na ya vijiji huandikwa kwanza kwenye karatasi, na mtu anayejua kusoma karatasi hiyo hupata nafasi ya kusema neno kabla ya shoka na jembe kufika. Hiyo ni faida moja ya kazi yenu ya darasani.

Baada ya redio kufungwa, zungumzeni juu ya maswali haya:

1. Kwa nini kampuni ya reli ilitaka kufika Golders Green, mahali ambapo palikuwa na mashamba tu?
2. Eleza kwa maneno yako jinsi ngao ya Bwana Greathead ilivyowakinga wachimbaji.
3. Kama ungalikuwa mkazi wa North End mwaka 1906, ungalitaka kituo au uwanda? Toa sababu zako.
4. Je, katika mahali pako pana ardhi iliyo wazi ambayo watu wote huitumia? Ni nani anayeilinda, na kwa sheria gani?

Andikeni majibu ya swali la nne katika madaftari, mistari mitano au sita yatosha. Mwalimu atayasahihisha. Kwaherini, na Mungu akipenda tutakutana tena katika somo lijalo.